Guinea 2009: Jinsi ulimwengu ulivyokabili mauaji ya uwanjani Conakry

MNAMO Septemba 28, 2009, maelfu ya raia wa Guinea walifurika katika uwanja mkuu wa michezo jijini Conakry kupinga uwezekano wa kiongozi wa kijeshi, Kapteni Moussa Dadis Camara, kuwania urais. Wengi wao hawakurudi nyumbani. Wanajeshi waliingia uwanjani na kuwamiminia risasi, huku wanawake wakinajisiwa hadharani mchana peupe.

Kitendo hicho kilizua shutuma kutoka kila pembe ya dunia. Tofauti na matukio mengi ya aina hiyo barani Afrika, shutuma hizo ziliandamana na vikwazo, uchunguzi na hatimaye kesi mahakamani.

Chimbuko la mzozo

Kapteni Camara alitwaa mamlaka Desemba 2008, saa chache baada ya kutangazwa kwa kifo cha Rais Lansana Conté, aliyekuwa ametawala tangu 1984. Awali, wananchi wengi waliochoshwa na ufisadi walimshangilia, naye akaahidi kuandaa uchaguzi ambao hangeshiriki kama mgombea. Hata hivyo, kadiri miezi ilivyosonga ndivyo dalili za kubadili nia zilivyozidi kujitokeza.

Vyama vya upinzani, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kijamii viliitisha mkutano wa kumkumbusha ahadi yake. Siku na mahali vilikuwa na maana kubwa. Uwanja huo unaitwa Septemba 28 kwa heshima ya siku hiyo mwaka wa 1958, ambapo raia wa Guinea, wakiongozwa na Sékou Touré, walipiga kura ya kukataa pendekezo la Ufaransa na kujichagulia uhuru.

Baada ya umwagaji damu huo, serikali ya kijeshi ilisema waliofariki ni 57 na kwamba wengi wao walikanyagwa katika mkurupuko. Tume ya Umoja wa Mataifa ilikuja kubaini kwamba watu 156 waliuawa au kutoweka, na kwamba wanawake na wasichana wasiopungua 109 walinajisiwa au kudhulumiwa kimapenzi. Miongoni mwa waliojeruhiwa ni viongozi wa upinzani, akiwemo Cellou Dalein Diallo.

Afrika yachukua hatua

Umoja wa Afrika (AU) ulikuwa umesimamisha uanachama wa Guinea tangu mapinduzi ya 2008. Baada ya mauaji hayo, ulimpa Kapteni Camara hadi katikati ya Oktoba atamke kwamba hangewania urais. Muda ulipopita bila jibu la kuridhisha, Oktoba 29 umoja huo uliwawekea viongozi wa kijeshi vikwazo vya usafiri na kuagiza mali yao izuiliwe.

Nayo Jumuiya ya Kiuchumi ya Mataifa ya Afrika Magharibi (ECOWAS) iliiwekea Guinea marufuku ya silaha mnamo Oktoba 17, na kumteua Rais wa Burkina Faso wakati huo, Blaise Compaoré, kuwa mpatanishi. Wako walioukejeli uteuzi huo, kwani Compaoré mwenyewe aliingia mamlakani kwa mapinduzi mnamo 1987.

Ulaya, Marekani na Umoja wa Mataifa

Ufaransa, iliyokuwa mkoloni wa Guinea, ilikatiza ushirikiano wa kijeshi. Waziri wake wa Mashauri ya Kigeni, Bernard Kouchner, alisema haingewezekana tena kufanya kazi na Kapteni Camara. Muungano wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa silaha kwa nchi hiyo mnamo Oktoba 27, huku Marekani ikiwazuia baadhi ya wakuu wa utawala huo kuingia nchini mwake.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohamed Bedjaoui wa Algeria, akisaidiwa na Françoise Ngendahayo Kayiramirwa wa Burundi na Pramila Patten wa Mauritius. Ripoti yao ya Desemba 2009 ilisema kulikuwa na sababu za kutosha kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu ulitendwa, na ikamtaja Kapteni Camara miongoni mwa waliopaswa kubeba lawama.

Aidha, Mahakama ya Kimataifa Kuhusu Jinai (ICC) ilianza uchunguzi wa awali Oktoba 2009, kwa kuwa Guinea ilikuwa imeidhinisha Mkataba wa Roma mnamo 2003.

Hata hivyo, si kila mlango uliofungwa. Katikati ya shutuma hizo, serikali ya kijeshi ilitangaza makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 7 na kampuni yenye makao yake Hong Kong, katika nchi yenye hazina kubwa ya madini ya boksiti. Wapinzani walilalamika kwamba fedha hizo zingeuondolea makali mkono wa vikwazo.

Mgawanyiko kambini

Mnamo Desemba 3, 2009, Kapteni Camara alipigwa risasi na kamanda wa walinzi wake, Aboubacar Diakité, maarufu kama Toumba, ambaye baadaye alidai mkubwa wake alitaka kumtwika lawama zote za mauaji hayo. Kiongozi huyo alipelekwa Morocco kwa matibabu, kisha Burkina Faso. Januari 2010 alikubali kukaa kando, na Jenerali Sékouba Konaté akasimamia mpito hadi uchaguzi uliomwingiza madarakani Alpha Condé mwaka huo.

Haki iliyochelewa

Manusura walisubiri miaka 13. Kesi ilifunguliwa Conakry mnamo Septemba 28, 2022, chini ya utawala mwingine wa kijeshi, wa Mamady Doumbouya. Siku hiyo hiyo ICC ilifunga uchunguzi wake wa awali. Kwa Wakenya, ambao kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipelekwa The Hague baada ya bunge kukataa kuunda mahakama maalumu nchini, hatua hiyo ya Guinea ina funzo lake.

Julai 31, 2024, Camara alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Lakini Machi 2025 Doumbouya alimsamehe kwa sababu za kiafya, siku chache tu baada ya serikali kutangaza kwamba ingewalipa waathiriwa fidia.

Kwa wanawake waliojitokeza kortini kusimulia yaliyowapata, msamaha huo ulitonesha kidonda. Vikwazo vya kigeni vilisaidia kumbana mtawala na uchunguzi ukahifadhi ushahidi, lakini kalamu ya kuamua iwapo hukumu ingedumu ilibaki mikononi mwa mwanajeshi.