Sayari Izungukayo Kinyume

Je, msomaji, umepata kumtazama mtoto akichezesha pia? Jua letu nalo hujizungusha vivyo hivyo, na sayari zake zote nane hulizunguka kwa kufuata upande ule ule. Njia ya dunia yetu imeinama kiasi cha digrii 7 tu kutoka ikweta ya jua. Mwaka 1796 Laplace, mwanafalaki wa Ufaransa, alieleza kwamba jua na sayari zilitokana na wingu moja lililokuwa likizunguka. Basi wataalamu wengi walitazamia kwamba kwenye nyota nyingine pia utaratibu ungekuwa huo huo.

Lakini jambo hilo lingepimwaje, na nyota ya mbali huonekana kama nukta tu? Ufunguo ulipatikana Marekani mwaka 1924. Rossiter na McLaughlin, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichunguza nyota ziendazo mbili mbili, moja ikipita mbele ya mwenzake. Fikiri hivi: nyota ijizungushapo, ukingo wake mmoja hutujia, na nuru yake huelekea rangi ya buluu kidogo, ukingo wa pili hutukimbia, na nuru yake huelekea wekundu. Kitu kikiufunika ukingo utujiao, nuru iliyobaki huzidi wekundu. Kikifika ukingo wa pili, mambo hugeuka. Tukijua ukingo upi umetangulia kufunikwa, twajua kitu hicho chaelekea wapi.

Mwaka 1995 Mayor na Queloz, wa Geneva, walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, nyota iliyofanana na jua. Mwaka 2000 Queloz na wenzake waliitumia njia ile ya zamani kupima sayari ya nyota HD 209458, nao wakaona kwamba yaenda upande mmoja na nyota yake, kama kwetu. Wengi waliridhika. Lakini vipimo vya mwaka 2009 na 2010 vilionyesha kwamba sayari WASP-17b huizunguka nyota yake kinyume! Nyingine zimeonekana kupita karibu na ncha za nyota zao. Yamkini zilivutwa na sayari au nyota jirani, zikaiacha njia yao ya kwanza.

Asiyetembea hudhani mamake ndiye mpishi bora. Wataalamu walikuwa wameijua nyumba moja tu, wakadhani wameujua mji mzima. Nawe, msomaji, ulionalo kwenu usilifanye sheria ya ulimwengu kabla hujalipima.