Chuo Hupimwa kwa Nini?



Neno "chuo" wazee wetu wa pwani walilitumia kwa maana ya kitabu. Kisha likawa jina la mahali kinaposomwa kitabu: mtoto hupelekwa chuoni, na aliyesoma akafahamu huitwa mwanachuoni. Hapakuwa na haja ya kulitaja jengo. Leo neno hilo hilo limepanda cheo, na hapa Unguja tunavyo vyuo vikuu. Kiko Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kilichofunguliwa mwaka 1998, na cha Chukwani kilichoanza mwaka huo huo kikiwa chuo cha elimu. Kiko Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Na tangu mwaka 2023 tunalo tawi la chuo cha teknolojia cha Madras, India. Alhamdulillahi, mzazi leo ana la kuchagua. Lakini kuchagua kunataka kipimo.

Wako wanaochukua kipimo kutoka mbali. Mwaka 2003 watu wa Shanghai, Uchina, walitoa orodha ya kuvipanga vyuo vikuu vya dunia, na wengine wakafuata. Tuitazame namna wanavyohesabu. Katika alama 100, alama 30 ni za tuzo kubwa kama ya Nobel, na 40 ni za makala za utafiti. Zinazobaki ni za watafiti wanaotajwa sana na wenzao, na za wingi wa hayo yote ukigawanywa kwa idadi ya wataalamu. Ubora wa mafunzo una alama 10 tu, nazo hupatikana kwa kuwahesabu wanafunzi wa zamani waliopata tuzo. Kipimo hicho si cha uongo, kinapima utafiti. Lakini hakimwambii mzazi wa Makunduchi kama mwanawe atafundishwa vizuri, wala kama mwalimu atamjua hata kwa jina.

Wazee wetu walipima vipi? Tukifungue kitabu cha marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Kwa kila mwanachuoni anatueleza alisoma kwa nani, alisoma nini, na nani walisoma kwake. Hicho ndicho kipimo: mwalimu aliye juu na mwanafunzi aliye chini. Na ijaza haikutolewa na jengo. Aliitoa mtu kwa mtu, na jina la mwalimu likawa dhamana. Akimpa asiyestahiki, aibu ni yake.

Chukua mfano wa Sheikh Abdullah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki Unguja mwaka 1925. Madrasa yake ilikuwa Ukutani, katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Haikuwa na matangazo, na chema chajiuza. Waislamu wa Cape Town walipokhitalifiana katika mambo ya dini yao, katika muongo wa 1910, aliyetoka Unguja kwenda kuwasuluhisha ni yeye.

Na rafiki yake, Sayyid Ahmad bin Sumait, alikwisha kuwa kadhi zama za Sayyid Barghash. Akauacha ukadhi, akasafiri mpaka Istanbul na Misri kuzidi kusoma, kisha akarudi na kuwa kadhi mkubwa wa kutegemewa. Hapa pana alama ya mafunzo mazuri: humwacha mtu na njaa ya elimu hata baada ya kupata cheo.

Lakini tuseme kweli yote. Kipimo cha wazee kilifaa katika mji ambao kila mtu alimjua sheikh na sheikh wa sheikh wake. Muuguzi na mhandisi wa leo hatuwajui walimu wao. Kwa hivyo serikali imeweka Tume ya Vyuo Vikuu, na kazi yake si ya bure: mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 nchini kuchukua wanafunzi wapya. Basi mzazi aanze hapo, aulize kama chuo kina idhini, na somo lenyewe lina idhini. Akipuuza, huenda akauza shamba la mikarafuu kwa karatasi isiyokubaliwa popote.

Ila idhini ni kizingiti, haijawa nyumba. Ukishavuka kizingiti, rudi kwenye maswali ya wazee. Nani wanafundisha, nao wamesoma kwa nani? Wanakaa na wanafunzi, au wanapita mbio kwenda chuo kingine? Waliomaliza miaka mitano iliyopita wako wapi, na wanaofanya nao kazi wanawasemaje? Maswali haya hayajibiwi na rangi ya ukuta wala picha ya lango. Yanajibiwa na watu, na kisiwa chetu si kikubwa, ukiuliza utaambiwa.

Na baada ya yote kuna kipimo ambacho hakuna tume iwezayo kukishika. Imamu Ghazali alisomesha katika Nidhamiya ya Baghdad, chuo cha sifa kubwa kuliko vyote vya zama zake. Aliingia mwaka 1091, na mwaka 1095 akakiacha, kwa kuwa aliitazama nia yake akaiona imechanganyika na kutaka jaha. Chuo hakikuwa na kasoro; aliyejipima ni mwalimu. Basi tunapovipima vyuo, tusisahau kujipima sisi: tunampeleka kijana akapate elimu itakayowafaa watu, au tunataka tu kusikia jina la chuo likitajwa harusini?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, atusamehe sisi na walimu wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.