Kuhifadhi nambari za kadi katika maduka ya mtandao: faida na hatari

MKAZI wa Suna, Kaunti ya Migori, anayeagiza bidhaa kwa intaneti na kulipa kwa kadi ya benki, mara nyingi huulizwa kama nambari za kadi yake zihifadhiwe kwa manunuzi ya baadaye. Akikubali, hatalazimika kuziandika upya. Hata hivyo, usalama wake utategemea ulinzi wa duka hilo.

Mnamo Aprili 2011, wezi wa mtandao walivamia mfumo wa PlayStation wa kampuni ya Sony, na taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini.

Lakini kukataa kuhifadhi si kinga kamili. Mwaka 2018, wahalifu waliingiza programu yao katika tovuti ya shirika la ndege la British Airways, wakanasa nambari za kadi wakati wateja wakiziandika.

Kanuni za kimataifa za kampuni za kadi zinakataza duka kubaki na nambari ya usalama, yaani zile tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi, baada ya malipo kuidhinishwa. Maduka makini huhifadhi alama maalumu badala ya nambari yenyewe, nayo haimfai mwizi kwingineko. Hatari nyingine ni nywila dhaifu, kwani anayeibaini aweza kununua kwa kadi iliyohifadhiwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mteja haki ya kudai data isiyohitajika tena ifutwe. Data ikivuja na kuhatarisha wenyewe, kampuni hutakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Anayelipa kwa M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, hulithibitisha ombi la malipo kwa namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe, muuzaji haioni.

Kwa ufupi, kadi yafaa kuhifadhiwa tu katika duka linaloaminika na linalotumiwa mara kwa mara, kwa nywila isiyotumika kwingine. Haifai kamwe kufanya hivyo katika kompyuta ya saiba. Aidha, mwenye kadi aiombe benki imtumie ujumbe kwa kila malipo, na akiona asiloliidhinisha, aifunge kadi mara moja. Tahadhari ni kabla ya athari.