"Alabama": Maombolezo Yasiyo na Maneno

Tarehe 15 Septemba, 1963, wabaguzi wa rangi walilipua kwa baruti kanisa la Wamarekani weusi mjini Birmingham, jimbo la Alabama. Wasichana wanne wakafa. Tarehe 18 Novemba, John Coltrane alirekodi "Alabama", utungo wake wa jazi kwa wapigaji wanne: yeye kwa saksafoni, McCoy Tyner piano, Jimmy Garrison besi, na Elvin Jones ngoma. Mwimbaji hamna. Saksafoni yalia taratibu juu ya mngurumo wa piano. Mwendo wa dansi waingia kidogo, wakatika, kilio charejea. Sisi tuliolelewa na tenzi twategemea wafu watajwe. Hapa latajwa jimbo tu. Coltrane alifariki mwaka 1967, miaka kumi kabla ya mahakama kumtia hatiani muuaji wa kwanza.