Subaru EJ20 Turbo: Inaweza Kufika Wapi kwa Milima ya Kisii na Nyamira?

Utaisikia kabla uione. Umesimama Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapakana, Probox imeshona na bado makanga anaita wengine, halafu kwa mlima kunatokea ule mlio wa kukohoa, bub-bub-bub. Hiyo ni Subaru EJ20. Kama iko na turbo, kuna uwezekano mwenyewe atakuambia imefika farasi 400. Kabla umuamini, ama umpe doo zako akuuzie, jua hii mashini vizuri.

EJ20 ilitoka 1989 ndani ya Legacy. Ni silinda nne, cc 1,994, lakini pistoni hazisimami wima kama za Probox. Zinalala, mbili kulia mbili kushoto, ni kama zinarushiana ngumi. Mwaka huo huo Legacy za turbo zilipelekwa Arizona, Marekani, zikakimbia kilomita 100,000 kwa wastani wa zaidi ya 223 kwa saa. Sisi Wakenya tuliijua zaidi kwa Safari Rally: Colin McRae alishinda na Impreza 1997, Richard Burns akarudia 2000. Japan waliifungia hesabu 2019 na WRX STI za mwisho, gari 555 pekee.

Sasa, si kila EJ20 ni sawa. Forester nyingi unaona mtaani hazina turbo kabisa, hata kama mwenyewe ameweka pua ya bandia kwa boneti (mnajijua). Forester XT ya 2002 hadi 2007 ilitoka kiwandani na farasi 220. Iliyofuata, hadi 2012, ikawa 230. Legacy GT ya kuanzia 2003 ni 260 kwa otomatiki na 280 kwa manyuali. Na hiyo Legacy, by the way, haikohoi, juu mabomba yake ya moshi yamepangwa tofauti na ya Forester. Kwa hivyo usipime nguvu na masikio. Halafu kumbuka sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, so hizo Forester na Legacy zote ziko sokoni zimeshapita mikono kadhaa hapa hapa nchini.

Hapa ndio watu wa Gusii tunachomwa. Video nyingi za kutyuni zinafanywa na wasee wanaishi karibu na bahari. Kisii iko kama mita 1,700 juu, na ukipanda Nyamira unaenda juu zaidi. Presha ya hewa huku iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini bila turbo inapoteza nguvu karibu hivyo hivyo, ndio maana Probox ikibeba watu na ndizi inalia ikipanda. Turbo inajitetea, kwa sababu ni feni mbili kwa shafti moja: moshi unazungusha moja, hiyo ingine inasukuma hewa ndani ya injini.

Lakini hiyo kujitetea ina bei. Sema geji ya boosti inasoma bar 1. Mombasa, turbo inachukua hewa ya bar 1 na kuifanya 2, yaani imeifinya mara mbili. Kisii inaanza na 0.83, na ili geji isome ile ile 1, lazima ifikishe 1.83. Hiyo ni mara 2.2. Feni inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na hewa moto ndio inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Fundi anaita hiyo kugonga. Kompyuta ya Subaru inajua hii story na hupunguza boosti yenyewe ukipanda juu. Halafu jamaa anakuja na kivalvu cha kuzungusha kwa mkono, anaidanganya.

Binamu yangu alifanyiwa hiyo. Forester XT safi, fundi akaongeza boosti bila kupima mchanganyiko wa hewa na petroli kwa egzosti hata mara moja. Wiki tatu gari ilikuwa noma, kila mtu Nyamira alikuwa anaomba lifti. Siku moja ikaanza kutoa moshi wa bluu. Kufungua, pistoni ya silinda nambari nne imevunjika pale inaposhika ringi. Zile pistoni za kiwanda haziwezani na kugonga. Saa hii binamu anapanda Probox kama sisi wengine.

Haimaanishi EJ20 haityuniki. Inatyunika sana. Ile turbo ndogo ya Forester XT, TD04, ikipewa egzosti inayopumua na kompyuta iliyoandikwa upya na mtu ako na vipimo, inaweza kukaribia farasi 250 hadi 270, na huku milimani toa kidogo. Hapo imefika mwisho. Ukitaka kupita 300 unaanza kuongea turbo kubwa za IHI kama zile za STI, injekta kubwa, pampu ya petroli, na ukienda mbali zaidi, pistoni za kufuliwa. Gia boksi ya Forester nayo itakuwa inakuangalia tu. Na ile milipuko ya moto kwa egzosti usiku? Hiyo ni petroli inachomekea nje ya injini. Haiongezi kitu, inapika turbo.

Mimi ningetumia pesa kwa joto kwanza. Intakula ya hizi gari inakaa juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti. Ukipanda mlima polepole nyuma ya lori, upepo hauingii, intakula inageuka jiko. Rejeta mzima na intakula ya mbele utazihisi kila siku.

Oili, cheki kila ukijaza tanki, si kila servisi. EJ hunywa oili, na ikipungua beringi za konrodi ndizo zinaenda. Kwa baadhi ya hizi injini kuna chujio kadogo ndani ya boliti ya bomba linalopelekea turbo oili. Kakiziba, turbo inakufa na fundi anailaumu turbo.

Ukienda kuangalia ya kununua, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Gusa boneti, iwe baridi. Sikiza dakika ya kwanza. Ikipata moto, angalia kama maji ya rejeta yanatoa mapovu, hiyo ni gasketi ya hedi. Uliza belti ya taimingi ilibadilishwa lini, juu inafaa kubadilishwa kila kilomita 100,000 na ikikatika valvu zinapinda. Halafu lipa fundi wako, si wake, apime kompresheni ya silinda zote nne. Akikataa ipimwe, funga boneti, rudi stage.