Sanduku Lenye Kufuli Nne

Jumapili ibada ikiisha, washarika hutoka nje na kusimama chini ya mti kwa ajili ya mnada. Mama mmoja ameleta mkungu wa ndizi, mwingine mayai sita, babu mmoja ameleta jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa hupaza sauti, bei hupanda, na mara nyingi aliyenunua hukitoa kitu kile kile kiuzwe tena. Kwa fedha hizo tumejenga makanisa, tumelipa wainjilisti, na tumesomesha watoto. Wengi wetu tunadhani kwamba kumchangia mtoto wa kike asome ni jambo la siku hizi, lililoletwa na wafadhili. Sivyo. Kazi hiyo ina umri karibu sawa na Kanisa la Kilutheri lenyewe, na katika historia yake mna jibu la swali lililotusumbua sana usharikani kwetu.

Swali lenyewe lilianza hivi. Miaka kadhaa iliyopita tulimchangia binti wa mtaa wetu wa mbali, mtoto wa wafugaji, aliyefaulu darasa la saba. Mnada ulifanyika, bahasha zikagawiwa, marafiki wa ng'ambo wakaongeza. Tukalipia bweni, tukanunua sare, godoro na sanduku la bati, tukampeleka shuleni kwa gari, tukapiga picha. Hatukwenda bomani kuketi na baba yake. Mama yake tulimsalimu tu, kisha tukaondoka. Likizo ya Juni binti alikwenda nyumbani na hakurudi, alikuwa ameozwa. Tulipofika tumechelewa, baba yake hakufoka. Alituuliza tu: "Wachungaji, mlimchukua mkampeleka. Mimi mlinipa kazi gani?"

Hatusemi kwamba mzee yule alitenda haki. Binti alinyang'anywa shule, na dhambi hiyo haina jina zuri. Lakini swali lake lilikuwa la kweli, nasi hatukuwa na jibu.

Turudi nyuma miaka mia tano. Mwaka 1523, Wakristo wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony huko Ujerumani, waliandika utaratibu wa hazina yao ya pamoja, na Martin Luther akauandikia dibaji na kuutangaza. Mali na mapato ya kanisa yalipaswa kukusanywa katika sanduku moja. Humo angelipwa mchungaji, wangesaidiwa maskini, yatima na wazee, na mafundi waliokwama wangekopeshwa. Humo pia angelipwa mwalimu wa wavulana. Kisha utaratibu ukaongeza jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kulisikia: atafutwe mama mtu mzima, mwenye sifa njema, awafundishe wasichana walio chini ya miaka 12 kusoma, kuandika na mwenendo wa Kikristo, naye alipwe kutoka sanduku hilo hilo. Tangu mwanzo, basi, shule ya binti haikuwa hisani ya mtu mmoja. Ilikuwa katika bajeti ya usharika.

Angalieni pia jinsi sanduku lilivyotunzwa. Lilikuwa na kufuli nne tofauti, na kila ufunguo ulikaa mahali pake: mmoja kwa mabwana wenye ardhi, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa wenyeji wa mjini, na mmoja kwa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Waangalizi walikuwa kumi, na watatu kati yao walikuwa wakulima. Walitakiwa kukutana kila Jumapili kufanya hesabu. Mkulima ambaye pengine hakujua hata kusoma alishika ufunguo sawa na bwana mwenye ardhi.

Je, mambo yalikwenda vizuri? Hapana. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali lililokuwa limezishika, na Luther akalazimika kumwendea mtawala wa Saxony kuwatetea watu wa Leisnig. Mmoja wa wenye funguo alipojitenga, kazi yote iliyumba. Mwaka uliofuata, 1524, Luther aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule za wavulana na wasichana. Aliwauliza: ikiwa kila mwaka mnatumia fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja, mnashindwaje kutumia kiasi kwa ajili ya watoto? Alijua pia kwamba nyumbani kuna kazi, ndiyo maana alipendekeza msichana aende shuleni saa moja kwa siku ili mzazi asipate kisingizio. Kwetu sisi saa moja ni kidogo mno, lakini tuone alivyoanza: alimfikiria mzazi kabla ya kumdai mtoto.

Kutoka Saxony hiyo hiyo, yalikokuwa makao ya Misioni ya Leipzig, wamisionari walifika Machame, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1893. Walihubiri na kufungua shule. Mbegu hiyo ilikua hata, mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, mchungaji Mmarekani David Simonson, aliyefanya kazi miongoni mwa Wamaasai, alianzisha shirika la Operation Bootstrap Africa. Jina hilo linatokana na msemo wa Kiingereza wa mtu kujiinua kwa nguvu zake mwenyewe. Katika kujenga madarasa, wanakijiji walitoa nguvu zao, na marafiki wa Marekani wakachangia vile ambavyo kijiji hakikuweza kujitengenezea, kama mabati na saruji. Mzazi aliyebeba tofali kichwani hawezi kusema shule ile ni ya Wazungu. Mwaka 1995, kwa ushirikiano wa shirika hilo na Kanisa letu, ilifunguliwa shule ya sekondari ya wasichana ya MaaSAE huko Monduli, kwa ajili ya mabinti wa jamii za wafugaji. Wafadhili wa mbali wamewalipia wengi wao ada. Lakini tujue kwamba ada ya mfadhili hulipa kiti cha darasani tu. Ruhusa ya kuondoka bomani, na ya kurudi shuleni baada ya likizo, hutolewa nyumbani.

Wengine huuliza: tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, mchango wa nini tena? Binti atembeaye saa mbili kwenda na saa mbili kurudi anajua jibu. Bweni, chakula, sare, taulo za kike na taa ya kusomea havikufutwa pamoja na ada. Wala tusiiachie mahakama kazi yote. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Tunashukuru. Lakini hukumu ya Dodoma au Dar es Salaam haifiki bomani kwa miguu yake. Lazima mtu aende nayo.

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliwasifu Wamakedonia kwamba walitoa katika umaskini wao. Hakuwahurumia hata akawanyima nafasi ya kutoa. Tena fedha hakuzibeba peke yake. Alimtuma Tito na ndugu wengine, ili asiwepo wa kulaumu. Sisi tulimhurumia baba wa yule binti, tukamwacha nje. Tukadhani maskini hana cha kutoa, na kwa kumnyima ufunguo tukampoteza mtoto.

Baada ya hapo, baraza la wazee lilibadili utaratibu. Mfuko wa mabinti sasa una wasimamizi wanne: mzee wa kanisa, mama kutoka umoja wa wanawake, mwalimu, na mzazi kutoka mtaa wa mbali. Mchungaji hana sahihi. Kabla ya kuchangia, tunakwenda nyumbani, tunaketi, tunakunywa chai, tunasikiliza. Na kila mzazi hutoa kitu, hata kama ni debe la mahindi.

Binti mmoja tunayemsomesha sasa yuko kidato cha tatu. Kila Januari baba yake huja mnadani na mbuzi mmoja, husimama pale chini ya mti hadi auzwe, na huhesabu fedha pamoja nasi. Likizo ikiisha, ni yeye anayemrudisha shuleni.