Pweza wa Forodhani na Daftari la Ushuru

Jua lilikuwa limekwisha kuzama nilipoketi ukingoni mwa ukuta wa Forodhani, Unguja, sahani ya karatasi mapajani. Pweza alikuwa ametoka kwenye makaa dakika ile ile: vipande vinene, ngozi ya zambarau iliyoungua kingoni, chumvi na ndimu juu yake. "Nikutilie na muhogo, mzee wangu?" aliuliza muuzaji. Nikamwambia tia, na pilipili usinipunje. Pembeni, vijana wa makachu walikuwa bado wanajitosa baharini, mmoja akiruka kabla mwenzake hajaibuka. Nimekula samaki kwenye meza zenye vitambaa vyeupe, lakini mlo ninaoukumbuka ni huo.

Jina la mahali hapa tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Forodha ni pahala pa kutozea ushuru. Katika karne ya 19, ufukwe huu ulio mbele ya Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kumng'oa Mreno, ndipo shehena zilipohesabiwa. Sultani Seyyid Said hakuajiri watoza ushuru. Aliikodisha forodha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wakamlipa fungu lake kila mwaka na kukusanya wenyewe. Aliyetajika zaidi kati yao ni Jairam Shivji, Mbhatia mwenye asili ya Kutch. Mwaka 1833 Sultani alifunga mkataba na Marekani uliowawekea wafanyabiashara wa Kimarekani ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoshusha. Ndipo marobota ya kitambaa cha merikani yakamiminika, nazo pembe za ndovu zikatoka.

Na watu pia walipita hapa. Watumwa waliotolewa bara walitozwa ushuru kwa kichwa, kama mzigo, kabla ya kufikishwa sokoni. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba alioutia saini Sultan Barghash tarehe 5 Juni 1873, akibanwa na Waingereza. Moshi wa mishkaki usituzuie kuliona hilo. Anayekula Forodhani anakula juu ya ardhi iliyobeba machozi.

Miaka kumi baadaye, Barghash alisimamisha jumba la Beit al-Ajaib hatua chache kutoka hapo. Shughuli za bandari nazo zilihamia Malindi, mtaa wa hapa hapa mjini, katika karne ya 20, na ufukwe ukapata kazi nyingine. Mwaka 1936, Sultan Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, bustani ilipandwa hapa na kupewa jina la jubilii yake. Jina hilo la kifalme halikudumu. Watu walibaki na lao, Forodhani, na jioni wakaijaza kwa majiko, meza na taa. Bustani ilikarabatiwa upya na kufunguliwa mwaka 2009 kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, na wauzaji wakarudi na makaa yao.

Ushuru umeondoka, lakini daftari lake limebaki, na limeandikwa kwenye sahani. Muhogo na pilipili asili yake ni Amerika, vikaletwa na Wareno. Embe linaloutia mchuzi wa urojo ukali limetoka Bara Hindi, pamoja na bajia na kachori zinazoogelea ndani yake. Miwa inayokamuliwa kwa tangawizi na ndimu ni ya mashariki ya mbali, kama ilivyo karafuu, iliyosafiri kutoka visiwa vya Moluku. Karibu kila kitu mbele yangu kilishuka chomboni, kikamkuta mpokeaji, kikawa cha kwetu hata tukasahau kuwa kilikuwa kigeni.

Isipokuwa pweza. Nilimwuliza muuzaji amempata wapi. "Jambiani, maji ya leo asubuhi." Huko pwani ya mashariki, bamvua inapokupwa, wanawake hutembea juu ya miamba na vijiti vyao, wakichungulia mashimo na kumchokoa pweza aliyejificha. Ujuzi huo mama humrithisha binti. Siku hizi wanaume nao huzamia kwa miwani, na wanunuzi ni wengi, hivyo pweza wanaotolewa majini hupungua na kuwa wadogo. Ndiyo maana baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba hukubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa. Pweza hukua haraka akiachwa, na siku mwamba unapofunguliwa, wengi hurudi na cha kutosha.

Niliifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha muhogo. Vyote nilivyokula vilikuwa na safari ndefu na vilikwishalipiwa forodha, ila huyu mwenyeji. Ushuru wake ni ile miezi michache ya kumwacha shimoni akue, nao unalipwa kule mwambani, na wanawake wanaokubali kurudi nyumbani mikono mitupu.